Uso wa Donald kwenye Fulana Nyeusi

Fulana zilikuja nyeusi. Kikao cha mazishi kilikuwa kimesema nyeupe, na mjomba Reuben, mwenyekiti wa kikao, alikuwa amenipigia simu makusudi kunikumbusha kwamba ni nyeupe, utadhani mimi ni mtu wa kusahau. Halafu binamu yangu Cynthia akaenda kununua Mombasa, akakuta nyeupe zimeisha, akachukua nyeusi, akazishindilia kwenye gunia na kulituma kwa basi. Nililifungulia mlangoni pa duka letu la kuchapa fulana hapa Voi, jua la asubuhi limeshaanza kuuma. Nililipiga teke lile gunia, maana Cynthia alikuwa mbali.

"Nyeusi si ndiyo rangi ya msiba?" mjomba aliniuliza kwenye simu. "Sasa shida iko wapi?"

"Mchoro wa nyeupe hauwezi kuingia kwenye nyeusi, mjomba. Ni kazi mpya kabisa."

"Lakini si ni kompyuta? Bonyeza tu."

Nikakata simu kabla sijamkosea adabu.

Tuliyekuwa tunamzika kesho yake ni Donald, ndugu yangu aliyenifuata ziwa. Alikuwa utingo wa lori, na lori lilipinduka Maungu. Mimi ndiye niliyekwenda mochari kumtambua. Nilimtambua kwa mikono yake, kwa sababu uso haukuwa wa kutambulika. Nilipotoka nilimshika mhudumu koti, nikamwambia: mama yangu akija, usimfungulie. Hata akilia. Hata akikupiga. Kisha nikampigia mama kule nyumbani Werugha, nikamwambia jeneza litabaki limefungwa. Akasema, "Basi nitamwona kwenye hizo fulana zako."

Nikamwambia ndiyo, atamwona. Kwa hiyo kazi iliyokuwa mbele yangu siku hiyo haikuwa mapambo ya matanga. Nilikuwa nimemwahidi mama yangu uso wa mwanawe, na hapakuwa na uso mwingine popote.

Mwenzangu dukani anaitwa Muasya, Mkamba aliyezaliwa hapa hapa Voi. Mimi natayarisha mchoro kwenye kompyuta, yeye anaupeleka kwenye nguo. Tumegombana miaka na mikaka na hatujawahi kuachana. Aliponikuta nimesimama mbele ya kompyuta na kiti nimekisukuma kando, alitikisa kichwa.

"Wakio, enda nyumbani. Mfiwa hafanyi kazi. Mimi nitatafuta mtu wa kompyuta."

"Mtu gani? Yule wa stendi anayevuta watu mashavu kwenye picha?"

"Basi hata ukae kidogo."

"Nikikaa namwona."

Hakuniuliza namwona vipi. Alikwenda kukoroga wino.

Mchoro wa fulana hauendi kwenye nguo mzima mzima. Lazima uupasue. Kila rangi inakaa kwenye tabaka lake, na kila tabaka linachapwa peke yake, kwa weusi mtupu, kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Sisi tunaiita filamu. Filamu inalazwa juu ya wavu uliopakwa dawa, vyote vinatolewa juani. Dawa iliyopigwa na jua inashika, haitoki tena. Ile iliyofichwa chini ya weusi wa filamu inabaki laini, na ukiimwagia maji inaondoka. Pale ilipoondoka ndipo wino utakapopita. Yaani jua linaanza na maji yanamaliza, na jua hatujawahi kulikosa Voi.

Mimi nilikuwa na matabaka matatu. La kwanza uso, nilioutoa kwenye picha ya Krismasi, Donald anacheka mpaka magego yanaonekana. La pili jina na tarehe. La tatu njiwa wa rangi ya dhahabu, ambaye sikumtaka mimi wala Donald asingemtaka, ila mjomba Reuben alisema mazishi bila njiwa watu watasema tumemtupa mtoto.

Jina halikuwa na shida, njiwa naye hakuwa na shida. Shida ilikuwa uso. Kwenye fulana nyeupe unachapa giza la mtu: nywele, nyusi, kivuli cha pua. Kwenye nyeusi giza lipo tayari, wewe unachapa mwanga wake kwa wino mweupe. Kwa hiyo tabaka la uso lazima ligeuzwe, palipokuwa peusi pawe peupe, palipokuwa peupe pawe peusi, ndipo filamu itoke sawa. Ni kitu ninachokifanya kila wiki nikinywa chai.

Nikageuza. Meno ya Donald yakawa meusi. Nywele zikawa nyeupe, mashavu yakawa meusi, na macho yakawa mashimo mawili yenye nukta za taa katikati. Niliondoka pale kwenye kompyuta nikatoka nje, nikasimama kwenye vumbi, nikarudi, nikatoka tena. Mwanamke wa kibanda cha jirani aliniuliza kama natafuta mtu. Nikamwambia hapana, na nikamwambia kwa ukali, maskini, naye hakuwa amenikosea.

Niliporudi nililifunga lile tabaka lisionekane. Nikamshughulikia njiwa. Nilimnyoosha bawa ambalo halikuwa limepinda. Mjomba akapiga, akasema kikao kimeonelea paongezwe mawingu chini ya njiwa. Nikasema wino wa mawingu hatuna. Akasema basi mawingu ya dhahabu. Nikaweka mawingu ya dhahabu, nikayafuta, nikayaweka tena. Mguu wangu ulikuwa unapigapiga sakafu peke yake na sikuweza kuunyamazisha.

Mwisho nikafungua matabaka yote niangalie kama yamekaa pamoja. Donald akatokea katikati na yale meno meusi. Mkono wangu ukabonyeza. Sikuuamuru, niamini. Ulibonyeza tu, na weusi ukarudi kuwa weusi na weupe ukarudi kuwa weupe, na ndugu yangu akawa anacheka ile Krismasi yake, mzima, meno kama kawaida. Nikapumua kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikalituma tabaka kwenye printa jinsi lilivyokuwa. Hapo ndipo nilipoharibu, na nilikuwa nimefurahi.

Muasya aliinua filamu akaiangalia kwenye mwanga wa mlango. Akaishusha. Akaiinua tena.

"Hii ni ya tisheti nyeusi?"

"Zimeletwa za rangi gani? Wewe huoni?"

"Naona. Lakini filamu ya nyeusi huwa inatisha mtu. Huyu hatishi."

"Unataka ndugu yangu atishe?"

Alinitazama. Mtu mwingine angenijibu. Yeye aliweka filamu juu ya wavu, akafunika kioo, akatoka nayo juani bila neno. Mfiwa habishiwi, ndivyo walivyomlea, na siku hiyo malezi yake mema yalitugharimu.

Aliosha ule wavu kwa maji ya mwisho ya pipa letu. Mfereji wa mtaa ulikuwa umekauka tangu wiki iliyopita, na mtu wa mkokoteni anayetuletea mitungi alikuwa amesema atapita baadaye. Sikuliwazia hilo. Nilisimama nyuma ya Muasya nikimharakisha, anika haraka, kausha haraka, na yeye akijibu kwamba dawa haijui msiba. Hatimaye akatandaza fulana ya kwanza kwenye ubao, akashusha wavu, akamwaga wino mweupe na kuuvuta kwa raba kutoka juu hadi chini. Akainua.

Kwenye fulana alikuwa ameketi mzee nisiyemjua. Nywele nyeupe, nyusi nyeupe, mdomo umefunguka na ndani hamna kitu ila giza. Nilimtazama mpaka nikaelewa kwamba nilichokikimbia kwenye kompyuta kimekuja kunisubiri kwenye nguo. Kumbe ilibidi atishe kwenye filamu ndipo apendeze kwenye fulana. Mimi nilimpendezesha pale nilipomtaka mimi.

Muasya hakusema nilikuambia. Angesema ningemrushia ile raba. Alifuta mikono yake polepole, akasema, "Niko na wavu mwingine kwa kabati ya giza. Nilipaka dawa jana. Wewe leta filamu, hiyo ingine niachie."

Nikavuta kiti. Nikakaa. Nikageuza tabaka la uso, na safari hii niliyatazama yale macho na yale meno mpaka filamu ikatoka yote kwenye printa. Sikunyanyuka. Kwa nini sikufanya hivyo asubuhi sijui, labda mtu mpaka aharibu kwanza.

Sasa filamu ilikuwa sawa, wavu ulikuwa tayari, jua lilikuwa bado lipo ingawa limeanza kuinama. Maji hayakuwapo. Muasya alimpigia mtu wa mkokoteni, simu imezimwa. Alikwenda hoteli ya jirani, wakamwambia yaliyobaki ni ya kupikia. Alizunguka mtaa na ndoo mikononi na mimi nikabaki nikitembea kutoka kwenye printa hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye printa, nikihesabu kwa macho lile jua. Kesho kutakapopambazuka gari la maiti litaanza kupanda Werugha. Bila jua la leo hakuna uso. Na ukishaanika wavu lazima uuoshe papo hapo, kwa hiyo hata kuanika hatukuthubutu.

Muasya alirudi na chupa mbili za maji ya kunywa za dukani.

"Haya yanatosha njiwa pekee," alisema.

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Kabla sijaamua, mlango ukaingia giza, na mama yangu alikuwa amesimama hapo.

Alikuwa amevaa sweta lake la baridi ya Werugha katikati ya joto la Voi, leso kiunoni, na mkononi mtungi wa njano uliofungwa mdomo kwa plastiki na kamba. Aliuweka chini kwa uangalifu. Sikujua kama atashuka siku hiyo. Tulikuwa tumekubaliana atangojea nyumbani.

"Mama! Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu." Akampa Muasya mkono. Muasya akasema pole sana, mama, akaupokea kwa mikono yote miwili. Macho ya mama yalikuwa yameshaona fulana kwenye ubao. Nilikimbilia, sikuwahi. Aliishika kwenye mabega akaiinua mbele yake.

"Huyu mzee ni nani?"

Muasya aliinamia ubao.

"Wakio. Nimeuliza ni nani."

"Ni Donald, mama. Ametoka vibaya. Ni makosa yangu mimi, si ya Muasya."

Aliikunja ile fulana, uso ndani, akaiweka mezani na kulaza mkono juu yake. Nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke ameambiwa hatamwona mwanawe ila hapa, na hapa amemkuta mtu mwingine.

"Nimetoka mochari," alisema. "Wamenikatalia."

Ndipo nikautazama ule mtungi vizuri na nikaelewa. Katika ukoo wetu, mtu akifia mbali, mama yake au shangazi hubeba maji ya chemchemi ya nyumbani akamwoshee, asije akaingia kaburini na maji ya ugenini. Bibi alifanyiwa hivyo alipofia hospitali ya Mombasa. Mimi sikukumbuka. Nilikuwa nimezuia jeneza lisifunguliwe na sikukumbuka kwamba kuna mtu ataamka gizani, ateremke hadi chemchemini, ajaze maji.

"Ni wewe uliwaambia wasinifungulie?"

"Ni mimi."

"Mimi ni mtoto wa kufichwa?"

"Hapana, mama."

"Uchungu wa mwana unaujua wewe, au mimi?"

"Unaujua wewe," nikasema. "Lakini mimi ndiye nimemwona. Na inatosha mmoja wetu kumwona hivyo."

Nilidhani atanizaba kofi, na kwa kweli ningeshukuru. Hakunizaba. Alikaa juu ya debe la wino, akavuta pumzi, akaangalia kuta, nyavu zilizotundikwa, kompyuta, chupa mbili za maji mezani.

"Na nyinyi hapa mnangoja nini?"

"Maji, mama," alisema Muasya, halafu akashtuka, akauangalia mtungi na kuyaondoa macho haraka. "Si hayo. Hayo ni yako. Tunangoja ya mkokoteni."

"Maji ya nini?"

Nikamwonyesha filamu mpya. Niliogopa kumwonyesha, kwa sababu ile sawa ndiyo mbaya, lakini nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamweleza kwamba hapa anaonekana hivi kwa sababu ni mwanga wake tu uliochorwa weusi, kwamba inawekwa juani juu ya wavu, kwamba jua likishapita yeye anakuwa ndani ya wavu lakini huwezi kumwona. Utaona dawa ya kijani tu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka aoshwe," nikasema, na nikauma ulimi.

Nje lori lilipita na vioo vya dirisha vikatikisika.

"Akioshwa anatokea?"

"Anatokea."

"Na uso wake wote?"

"Wote, mama."

Aliinama, akaanza kufungua kamba ya mtungi. Ilikuwa imekazwa vidole vikashindwa, akatumia meno. "Basi mwekeni juani," alisema. "Mnangoja jua lizame?"

Muasya alitoa wavu kwenye kabati, akaulaza na filamu na kioo, akatoka nao uani. Alisimama juu yake kama mlinzi, akipunga vumbi kwa kofia. Aliporidhika alikuja nao mbio hadi kwenye kivuli cha ukuta tunapooshea, akausimamisha juu ya matofali. Alichukua kibomba chetu cha kunyunyizia, akanyoosha mkono apewe maji.

Mama hakumpa. Alikuwa ameshavua sweta na kukunja mikono ya blauzi. Aliomba kikombe. Akachota kwenye mtungi, akamimina juu ya wavu taratibu, kuanzia pembeni, na maji yakateremka yakiwa safi, bila kitu. Akamimina tena. Bado ulikuwa kijani mtupu. Nilianza kufikiri filamu haikuficha, jua limepenya lote, nimemharibia mara ya pili mbele ya macho yake. Halafu akaweka kiganja chake na kupitisha, na dawa ikaanza kuteleza chini ya vidole, na paji la uso likafunguka.

Hapo akasahau kwamba tupo. Aliosha paji la uso. Aliosha mashavu, moja kisha jingine, kwa kiganja kilekile cha kuzungusha ambacho mimi nakikumbuka usoni pangu.

"Shingo huyu hajawahi kuosha," alisema. "Anaruka. Anaosha uso anaona amemaliza."

Akasugua shingo. Muasya alijikunja. Uso wa picha kwenye wavu ni vitone, maelfu ya vitone vidogo vya dawa, na mkono mzito unavibeba vyote. Nilimwona akijizuia, akashindwa.

"Mama, pole. Polepole hapo. Vitone vitatoka."

"Nilimwosha huyu kabla hajapewa jina," alisema mama bila kugeuka. "Nyamaza."

Maji ya Werugha yalishuka kijani ukutani yakaingia kwenye mchanga wa Voi. Hakuna kitone kilichotoka kisichotakiwa kutoka. Aliosha nyuma ya masikio, aliosha kona za mdomo, na alipofika kwenye macho akatumia ncha ya leso aliyoilowesha, akayagusa tu.

"Inueni nimwone."

Tuliinua fremu, Muasya upande mmoja na mimi upande wa pili, tukaielekeza kwenye lile jua la jioni. Mwanga ukapita pale dawa ilipoondoka na ukazuiwa pale ilipobaki. Nywele zilikuwa nyeusi. Meno yalikuwa meupe. Alikuwa anacheka ile Krismasi yake, na jua lote lilikuwa linapitia kwake. Niliposikia mtu analia kwa sauti nilidhani ni mama, nikageuka kumshika, nikamkuta amesimama wima, macho makavu, anamtazama mwanawe. Aliyekuwa akilia ni mimi.

"Ni yeye," alisema mama.

Upepo ulileta vumbi na Muasya akajisogeza kuliziba kwa mgongo wake. Mama alitikisa mtungi kusikiliza kilichobaki, akachota kikombe kingine.

"Mshusheni," alisema. "Mgeuzeni, nimwoshe na mgongo."

Muasya alishika kichwani, mimi nikashika miguuni, tukamgeuza.